Ada Ndiyo Ndogo Kuliko Zote

Maneno ya mhitimu wa zamani mbele ya wanafunzi wapya na wazazi wao, katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi, Moshi

Mkuu wa chuo, walimu wangu, wazazi, na ninyi wadogo zangu mlioingia wiki hii. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Nimepewa dakika ishirini. Mwalimu wa zamu amenivuta pembeni akaniambia, "Waambie wasome kwa bidii." Mwalimu, hilo wataambiwa na kila atakayeshika kipaza sauti leo. Mimi nimekuja na daftari.

Hili hapa. Kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limeshatoka, kurasa za mwanzo zina mafuta ya maandazi. Nilipoanza hapa mwaka 2016, fani ya umeme wa majumbani, niliandika humu kila shilingi iliyotoka mkononi mwangu. Msidhani nilizaliwa na nidhamu hiyo. Mama ndiye aliyenilazimisha. Mama alikuwa anauza ndizi sokoni Mbuyuni, na mkungu ukishakatwa yeye anajua kila chane imekwenda kwa nani. Akasema, hela yangu haitatoka hapa ikapotelea njiani, jioni utanisomea. Basi kila jioni, jikoni, moshi wa kuni machoni, namsomea mahesabu kama mhasibu wa halmashauri anayekaguliwa.

Mstari wa kwanza kabisa ni ada. Na tusidanganyane, ada ndiyo iliyotuleta wengi hapa. Mimi nilitoka kidato cha nne na sifuri. Siyo "matokeo hayakuwa mazuri", ni sifuri. Nyumbani kulikuwa na wadogo watatu nyuma yangu. Wakati ule VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, walikuwa wanatoza 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni; ya hapa ilizidi hiyo ya kutwa kidogo, na bado mama aliilipa kwa mafungu mawili. Alipopewa risiti ya fungu la pili aliikunja, akaiweka kwenye Biblia, akasema, "Hili limeisha."

Halikuwa limeisha. Mstari wa pili ni nauli. Tulikuwa tunakaa Uru. Daladala hadi mjini mia nne, nyingine kutoka mjini kuja huku mia nne, jioni hivyo hivyo kurudi. 1,600 kwa siku. Wiki ni 8,000. Mwaka wa masomo una kama wiki arobaini, hiyo ni 320,000. Ada yangu haikufika hata nusu ya nauli yangu! Chakula cha mchana, wali maharage wa shilingi elfu moja pale nje ya geti, ni 200,000 kwa mwaka. Halafu kuna overoli, buti, testa, plaizi, bisibisi, nyundo, tindo. Nimeyapanga mafungu manne: nauli, chakula, vifaa, ada. Ada ndiyo ndogo kuliko zote.

Mafundi wenzangu wananielewa haraka nikiwapa mfano huu. Umeme wa vijijini, wa miradi ya REA, kuunganishwa ni 27,000. Watu wakasikia 27,000 wakafurahi, wakalipa. Lakini hiyo ni ya kuleta waya mpaka ukutani. Ndani ya nyumba kuna mabomba ya kupitishia waya, waya wenyewe, swichi, soketi, breka, na fundi. Nimeingia nyumba nyingi ambazo nguzo iko mlangoni, mwenye nyumba ameshalipa, na ndani bado wanawasha kibatari. Chuo nacho ni hivyo hivyo. Ada inakuleta mpaka ukutani.

Darasa letu tulianza 23. Tulimaliza 14. Wale tisa ninawajua wote, wengine tunasalimiana mpaka leo pale stendi. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Mmoja alipata pikipiki ya mkataba akahesabu, akaona bodaboda inamlipa leo na chuo kitamlipa asipojua lini. Mmoja aliuguliwa na bibi. Watatu ni nauli, hawakusema ni nauli, walisema "nitakuja Jumatatu". Wawili walikuwa na tatizo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Kila saa saba mchana walikuwa wanabaki karakana. Tunawaita twende kula, wanasema wanamalizia kazi. Tukawa tunawasifu jamani, wana bidii hao! Wadogo zangu, mkimwona mwenzenu anapenda sana karakana wakati wa chakula, msimsifu. Mvuteni mle naye.

Mimi mwenyewe muhula wa pili niliacha daladala moja. Nikawa natembea kipande cha kutoka mjini, asubuhi na jioni. Nilimwambia mama ni kwa ajili ya mazoezi. Mama aliangalia soli za viatu vyangu, hakusema kitu, kesho yake kwenye chane za ndizi alizokuwa amezitenga za nyumbani kukakosekana mbili.

Sasa niseme la aibu, maana hili halimo kwenye daftari.

Sisi watu wa huku tunajua Desemba ilivyo. Magari yanapanda kutoka Dar es Salaam, kihamba, shamba la ukoo, kinajaa, mbuzi anachinjwa, na binamu wanashuka na vyuo vyao. Huyu yuko Mlimani, huyu yuko Dodoma, huyu anasubiri mkopo wa bodi. Halafu wanakugeukia. "Na wewe uko wapi siku hizi?" Niko chuo. "Chuo gani?" Cha hapa hapa. "Aaa. Sawa." Ile "aaa" mimi naijua urefu wake. Krismasi ya kwanza nilikaa jikoni na wanawake siku nzima, nikimenya ndizi za mtori ambazo hata hazikuhitaji mtu wa tatu.

Krismasi ya pili, saa mbili usiku, soketi zote za baba mkubwa zikafa. Breka inajikata, wakiirudisha inajikata tena. Baba mdogo mmoja, ametoka Dar, ana gari kubwa, akasema tuifunge kwa waya isishuke. Nikapiga kelele. Samahani wazazi, lakini nilimpigia kelele baba mdogo. Nikachomoa kila kitu ukutani: friji, televisheni, chaja za simu, zilikuwa kama kumi na tano. Nikairudisha breka, ikashika. Nikaanza kuchomeka kimoja kimoja. Tulipofika kwenye birika la kuchemshia maji, pa! Birika lilikuwa limeingia maji kwenye kitako. Nikaliweka nje, nyumba ikawaka.

Nilitegemea nini? Baba mkubwa alinipa Fanta. Akanishika bega mbele ya ukoo wote akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa shule utarudi lini?"

Watu walicheka kule na ninyi mnacheka hapa, na mimi nimeshacheka. Usiku ule sikucheka. Kwa baba mkubwa, mahali nilipokuwa palikuwa kituo cha basi. Mtu anasubiri hapo mpaka gari lenyewe lije.

Kulikuwa na mwalimu hapa, amestaafu sasa, alikuwa anatufundisha stadi za maisha Ijumaa mchana, kipindi ambacho nusu ya darasa tulikuwa tunasinzia. Nilimpelekea habari hiyo ya Fanta. Hakunipa pole. Alifuta ubao akaandika mwaka: 1844. Akatueleza kwamba huko Denmark, mahali panaitwa Rødding, walifungua shule ya vijana wa wakulima ambayo haikuwa na mtihani wa kuingia. Watu wa nchi jirani wakaiga, Sweden wakaiga. Halafu akaandika 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, na chini yake 1975, serikali ilipoanzisha vyuo hivi vyetu kwa mfano wa vile vya Sweden na kwa msaada wa Sweden wenyewe. Sasa viko 54 nchi nzima. Akauliza, "Jina la chuo chenu linaishia na neno gani?" Wananchi. "Basi mlango umewekwa chini makusudi, ili mtu asihitaji ngazi. Nani aliwaambia ni kwa sababu nyumba ni mbovu?"

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Marekani nao wana vyuo vya namna hii, wanaviita vya jamii. Kile cha kwanza cha umma kilichodumu mpaka leo, Joliet kule Illinois, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi sita, ndani ya shule ya sekondari. Siku hizi mtu anatoka kazini, anakwenda darasani jioni. Akimaliza miaka miwili akitaka anahamia chuo kikuu na kuendelea pale alipofikia. Nitarudi kwenye hiyo jioni, mkuu wa chuo, usidhani nimeitaja bure.

Kuna jambo moja huwa linanikwaza na sina wa kumlaumu. Mwaka 2016, ule ule nilioanza hapa, ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa. Mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Vizuri kabisa, wadogo zangu wamefaidi. Lakini iangalie kwa upande wetu: aliyefaulu akaendelea kusoma bure, na aliyefeli, mtoto wa muuza ndizi, ndiye aliyefungua pochi.

Tuingie darasani basi, maana ndiko kulikonoga.

Mtu akiniuliza nilipata nini hapa nje ya cheti, namwambia nilipata wenzangu. Shule ya sekondari tulikuwa wa rika moja, tumevaa sketi moja, tunaogopa vitu vile vile. Hapa kulikuwa na binti wa miaka kumi na saba na baba wa watoto wanne kwenye benchi moja. Kulikuwa na mmoja aliyemaliza kidato cha sita. Kulikuwa na dada aliyeacha shule akiwa na ujauzito, na wakati ule mlango wa kurudi sekondari ulikuwa umefungwa. Waraka wa kuwaruhusu warudi ulitoka Novemba 2021. Alikuwa anakuja na mtoto mgongoni. Mtoto akilia, mwalimu anasimamisha somo, tunampokezana. Leo naona kwenye mpango wa Elimu Haina Mwisho, wa kuwarudisha masomoni mabinti walioacha shule, vyuo vimetenga chumba cha watoto na mlezi wake, na kila nikipita nikasikia wanavyoimba mle ndani namkumbuka yule dada, alivyokuwa akiandika kwa mkono mmoja.

Na kulikuwa na kaka tuliyemwita Mpagazi. Alibeba mizigo ya watalii mlimani kwa miaka mingi mpaka magoti yakagoma. Msimu wa mvua, mlima ukiwa hauna wageni, alikuwa anafunga umeme mitaani Pasua na Majengo, kajifunza kwa kuangalia. Mkono wake ulikuwa na akili kuliko vichwa vyetu vyote. Bomba analikunja kwa goti, haliminyiki. Lakini alikuwa hajui kwa nini. Mwalimu alimuuliza, soketi unawekea waya wa unene gani? Mbili nukta tano. Na taa? Moja nukta tano. Kwa nini? "Ndivyo tunavyoweka."

Kwa hiyo tukafanya biashara. Yeye anatufundisha kukunja bomba na kutindua ukuta bila kuangusha plasta ya watu, sisi tunamfundisha hesabu. Birika la wati 2,000, umeme wa volti 230, gawanya: linavuta karibu ampea tisa. Ongeza pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni hiyo hiyo, umefika kumi na tatu, mwisho wa uwezo wa plagi yake. Mpagazi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ile nyumba ya Pasua iliungua kwa kugawanya." Sikuwahi kumuuliza ni nyumba gani. Ila hesabu ya kugawanya, ambayo mimi niliikimbia tangu kidato cha pili, sijawahi kuikosea tena tangu siku hiyo.

Vifaa vilikuwa haba, sitaki kuwaficha wazazi. Bodi za mazoezi zilikuwa nne kwa watu 23. Waya tulikuwa tunatumia huo huo. Kundi la kwanza linafunga, linakaguliwa, linafungua, linaachia la pili. Kila ukifungua unakata kipande kilichochakaa, kwa hiyo waya unazidi kuwa mfupi. Ilipofika Oktoba tulikuwa na waya mfupi kiasi kwamba swichi na holda vilikuwa vinapumuliana. Mwalimu wa fani akaona haya hayafai. Akapata kazi ya nyumba ya jirani mmoja kule juu, akatubeba wote Jumamosi, na vifaa vyake mwenyewe kwenye mfuko wa sukari. Pale ndipo nilipopanda darini mara ya kwanza maishani. Buibui, vumbi la miaka kumi, na bati linaunguza mgongo. Nikajua nimeipenda kazi hii, kwa sababu sikutaka kushuka.

Fildi sitaikawiza. Nilipelekwa mahali, sitapataja, wiki tatu za kwanza nilifagia na kuchemsha chai. Siku ya kwanza ya kutolewa nje na fundi, mwenye nyumba akauliza, "Huyu dada amekuja kupika?" Fundi akacheka naye. Mabinti mlioingia umeme, bomba na uashi, mtalikuta. Sina dawa yake. Mimi nilichofanya ni kuvaa overoli tangu nyumbani, nikashuka kwenye daladala nikiwa nimeshaivaa, na mkanda wa vifaa kiunoni. Angalau nisiulizwe mlangoni.

Tulipomaliza mwaka 2018, baadhi yetu tuliunda kikundi, tukaomba ule mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile ya nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Hauna riba. Tulinunua drili na ngazi. Ilichukua kuzunguka ofisini mpaka walinzi wakatuzoea, lakini ulitoka.

Wazazi wangu, sasa naomba niseme nanyi kama mtoto wenu. Sisi watu wa Moshi mchango hautushindi. Harusi ikitangazwa kuna kamati, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, na kadi zinatembea mpaka kwa mtu mliyekutana naye kwenye basi. Kipaimara cha mtoto kina wapiga picha wawili. Hakuna aliyewahi kupata kadi ya mchango wa plaizi. Ukishalipa ada, keti na mtoto muandike hizo hesabu nyingine tatu. Muulize amekula nini mchana, na ukiona anajibu haraka sana, uliza tena.

Mkuu wa chuo, wewe nina mawili tu. La kwanza ni ile jioni. Yule aliyekwenda kwenye bodaboda, kama kungekuwa na darasa la saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, pengine angekuwa fundi mwenye pikipiki. La pili ni stoo ya kuazima vifaa, ili mwanafunzi asirudishwe kutoka karakana kwa kukosa testa ya bei ya soda mbili.

Hilo la pili nimelianza mwenyewe, ndiyo maana mnaona boksi hili la chuma hapa mezani. Ni vifaa vyangu vya zamani na vya wenzangu wawili. Mna plaizi tatu, testa tano, bisibisi za kila namna, tindo mbili, nyundo moja, na futikamba ya mita tano iliyobaki mita nne na nusu, kwa hiyo msianzie kupima kwenye ncha, anzieni kwenye sitini halafu mtoe. Kuna daftari la kusaini, jina na tarehe. Plaizi yenye mpini mwekundu imelegea mpira, msiishike kwenye umeme mpaka niulete mpini mwingine wiki ijayo. Na testa, tafadhali, si za kufungulia makopo ya rangi. Ninazo mbili nyumbani zilizokufa hivyo.

Mwalimu, ufunguo huu hapa.